Maiki Kwanza, Besi Baadaye

Skiza, kama unaendesha nduthi pande za Kisauni, Likoni ama Changamwe, na umeanza kusaka zile hedseti za kudungwa ndani ya helmeti ndio Google Maps ikuongeleshe bila kutoa simu mfukoni, ngoja kwanza kabla hujamwaga chapaa. Muuzaji atakuanzia na besi. Atachagua ngoma, aipandishe mpaka mwisho, akuvishe helmeti alafu akuangalie usoni akingoja ucheke. Na utacheka, juu inagonga kweli. Utatoa ganji. Sasa toka na hiyo kitu, vuka Nyali Bridge, ingia Mlaleo saa kumi na mbili jioni ukitafuta nyumba ya kastoma. Hapo ndio utajua besi haijawahi kumfikisha msee mlangoni.

Mimi naweka hivi: kwa hizi mitaa zetu za ng'ambo, kitu unanunua ni maiki. Spika inafuata. Taa za rangi, intakomu ya kilomita na lile jina refu kwa kartoni, hayo ni mapambo ya duka.

Hedseti yenyewe lakini si ushamba wala kujishow. Wasee wengi wako na ile stendi ya simu kwa usukani, na inasaidia, sikatai. Shida ni jua letu. Saa saba mchana skrini inageuka kioo, unaona sura yako tu na jasho lako. Mvua ikishuka unatafuta kitu cha kufunika simu, na karatasi za nailoni zilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo unabaki na kile kimfuko cha plastiki kigumu ambacho kidole hakishiki. Alafu kuna vijana wa kunyakua, hao hata sina haja ya kukuelezea. Na karao akikupata umeshika simu na piki inatembea, kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimeandika faini ya 2,000. Oda ngapi hizo?

Google walileta mode ya piki kwa Maps ya Kenya 2018. Ukiiweka, inakupigia hesabu ya muda wa piki badala ya muda wa gari, na sauti unaweza ukaibadilisha kwa setingi iwe ya Kiswahili. Ukishatoa macho kwa skrini, kazi yote inarudi kwa maskio. Sasa skiza vile maskio yanateseka.

Tuanze Kisauni, juu huko ndio shule. Map inajua lami. Inajua Bakarani, inajua Mwandoni, inajua Barsheba. Itakupeleka poa kabisa mpaka pale lami inaishia, alafu sauti inakuambia umefika. Umefika wapi? Pini ya kastoma imeangukia juu ya paa la mtu mwingine, ukuta uko mbele yako, na mlango wenyewe uko uchochoro wa tatu nyuma ya choo cha msikiti. Namba ya nyumba hakuna. Jina la njia hakuna. Hapo unapiga simu.

“Mwanangu, ushafika wapi?”

“Niko hapa msikitini, mama.”

“Msikiti upi? Wa kijani ama ule wajengwa?”

“Wa kijani.”

“Haya, usikate hapo. Pita duka la M-Pesa, utaona mwarobaini na wazee wacheza bao. Waulize kwa mama wa mahamri. Hapo hapo.”

Huyo mama ndio ramani yako ya mwisho. Zile mita mia mbili za kumalizia, Google imekuachia yeye. Na kama maiki yako inampelekea mlio wa Boxer na upepo badala ya neno “kijani”, atasema hallo, hallo, hallo, atakata, atapiga tena, na oda nayo inaendelea kupoa. Akichoka anaikensel, na apu haiulizi ilikuwa makosa ya nani.

Ndio maana ile test ya ngoma dukani haikuambii kitu. Bluetooth iko na njia mbili tofauti za sauti. Ya kwanza ni ya muziki, na sauti ya Map pia kawaida inapitia huko: inaenda upande mmoja tu, kutoka kwa simu kuja kwa skio, ikiwa pana na safi. Ya pili ni ya simu. Ukipokea kolu, hedseti inahama njia, maiki inafunguka, na sauti inakuwa nyembamba na ya mono juu sasa lazima iende na irudi. Hedseti inaweza kuwa malaika kwa njia ya kwanza na takataka kwa ya pili. Muuzaji amekuonyesha ya kwanza tu.

Kuna ujanja mwingine wa kartoni. Utasoma kwamba inakata kelele, na herufi kama CVC ama DSP. Ukadhani skio lako litapata amani. Wapi! CVC ni teknolojia ya kusafisha sauti ya maiki ndio yule wa upande ule akuskie. Kwa upande wako upepo unabaki vile ulivyo. Ni kitu kizuri sana, usinielewe vibaya, ndio tunaitafuta. Ila ujue inamsaidia nani, usije ukarudi dukani kugombana bure.

Test ya maana ni hii. Beba helmeti yako mwenyewe. Mwambie muuzaji aidunge, toka nje ya duka hadi pale matatu na tuktuk zinapiga honi, alafu pigia beshte wako. Usimuulize kama anakuskia, juu kila mtu husema eeh. Mwambie arudie kila kitu unasema. Mpe namba ya simu yote, mpe rangi ya geti, mpe jina la mtaa refu kama Mwembelegeza. Kama anarudia bila kukuuliza mara mbili, sasa washa piki, ongea tena engine ikiwa inanguruma. Muuzaji akikukataza kutoka nje na mali yake, mwachie kitambulisho. Akikataa hata hivyo, mwachie hedseti.

Umbo la maiki nalo linategemea helmeti. Ziko aina mbili. Kuna ile iko kwa kijiti kinachopindika, ya kukaa mbele ya mdomo, ikiwa na sponji juu yake. Na kuna ile ndogo ya waya, kama kifungo cha shati, ya kugandishwa ndani ya kidevu cha helmeti iliyofunga uso wote. Wasee wa base wengi hapa wanavaa helmeti ya uso wazi, juu joto la Mombasa si mchezo na kastoma anataka kuona sura. Basi chukua ya kijiti, na ukae ukijua ile sponji ndio inazuia upepo kugonga maiki. Ikidondoka, usiseme ni kitu kidogo. Hedseti ya bei ghali bila sponji inashindwa na ya bei rahisi iliyo nayo. Helmeti ya kufunga uso, chukua ya kifungo, kidevu kinakinga upepo chenyewe.

Na kuna zile helmeti nyepesi za nusu kichwa, kama za mjengo, hazina hata sponji ya skio. Hapo hakuna pahali pa kuweka spika. Usijaribu.

Hapa nataka kukaa kidogo, juu nimeona mambo. Kwa helmeti ya maana, ndani ya ganda kuna lile povu jeupe gumu. Hilo povu ndio linabonyea badala ya fuvu lako siku ukigonga. Juu yake ndio kuna kitambaa na sponji laini. Helmeti zingine zimeachiwa kishimo cha spika pale kwa skio, zingine hazina. Sasa utapata fundi, kisu mkononi, anachonga povu jeupe ndio spika ikae vizuri. Anachonga kabisa, unga unamwagika chini, na mwenye helmeti amesimama anaangalia akinywa soda. Hapana. Spika inaenda chini ya kitambaa, kwa ile velkro, hata kama itabana kidogo. Ikikataa kuingia, tafuta hedseti ya spika nyembamba ama badilisha helmeti. Povu haliguswi.

Pahali spika inakaa pia panabadilisha kila kitu. Ikae katikati ya tundu la skio, si nyuma, si chini kwa taya. Ikihama kidogo tu, sauti inapungua sana, na wewe unaanza kulaumu mashine. Vaa helmeti, tia kidole ndani, pima tundu la skio liko wapi, ndio ugandishe.

Tuvuke Makupa twende Changamwe. Hapo story inageuka. Kuanzia ile daraja mpya mpaka raundabauti, alafu Magongo ama Miritini, unashare barabara na trela za kontena zinazotoka bandarini. Dereva wa trela hakuoni ukiwa ubavuni mwake. Kitu unacho ni kuskia: breki za upepo zikilia, honi, tairi zikisogea upande wako. Kwa hivyo zile ya­foni ndogo za kuziba skio, hasa zile zinazokata kelele za nje, kwa hii barabara ni hatari tupu. Najua wasee wengi wanatumia hizo, moja tu upande wa kushoto, juu ni rahisi na tayari wako nazo. Moja ni afadhali kuliko mbili. Lakini nazo ziko na mikosi yake: sponji ya helmeti inagusa ile sehemu ya kubonyeza na simu inajikata, na ukivua helmeti haraka inaruka. Ikiruka ukiwa ndani ya feri, hiyo ni ya samaki.

Spika ya helmeti haizibi skio. Inakaa nje, dunia inaingia pamoja na sauti ya Map, na hivyo ndio tunataka. Ila usishindane na upepo kwa kupandisha volyumu. Kuna taasisi ya Marekani ya afya ya kazini inaitwa NIOSH, wameweka kipimo: desibeli 85 kwa masaa 8 kwa siku. Kila ikipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, umebakisha dakika 15. Na upepo ndani ya helmeti ukiwa mwendo wa barabara kuu unaweza kufika hapo wenyewe, kabla hujaongeza ngoma. Msee anakaa juu ya piki masaa kumi na mbili. Fanya hesabu.

Wenye piki za stima, kama zile za Spiro zilizoanza kuonekana Mombasa 2023, wako na raha yao. Hakuna engine ya kunguruma, kwa hivyo ndani ya mtaa kamaiki kadogo tu kanatosha. Wakitoka barabara kubwa, upepo unawakuta kama sisi wote.

Likoni sina mengi. Ukiwa Mtongwe, Timbwani ama Shika Adabu, mambo ni yale yale ya Kisauni, mchanga mwingi na kastoma wa kuelekeza kwa mdomo. Tofauti ni baipasi ya Dongo Kundu. Tangu ile njia ifunguke yote, unaweza kutoka Miritini ukatokea South Coast bila kuona feri, na pale juu ya madaraja upepo unatoka baharini bila kizuizi. Hapo hata hedseti ya maana inanyamazishwa. Ushauri wangu ni rahisi: usipokee simu pale. Map yenyewe haina kitu cha kukuambia kwa barabara iliyonyooka.

Sasa chumvi. Rivyu nyingi za hedseti unazoziona mtandaoni zimeandikwa na watu wa baridi, wanaongelea glavu na theluji. Kwetu adui ni jasho, hewa ya bahari na ile mvua ya mwezi wa tano, mwezi unaomwaga maji kuliko yote hapa. Angalia herufi za IP. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa na inaweza kuzama maji ya mita moja kwa dakika 30. Ukiona IPX5, ile X inamaanisha vumbi halikupimwa, na vumbi la Kisauni unalijua. Ukikosa herufi zozote kwa kartoni, chukulia ni ya kiangazi.

Tundu la chaji ndio hufa kwanza. Funua kale kampira, cheki kama kanafunga imara ama kananing'inia tu. Chumvi ikiingia, vyuma vinaota kutu ya kijani na chaji inakataa. Mimi naona tundu la USB-C ni bora kuliko lile la zamani la upande mmoja, si kwa kasi, kwa vile halivunjiki haraka ukilichomeka na giza. Chaji usiku ndani ya keja, si juani juu ya tangi. Betri za lithiamu hazipendi joto, na helmeti nyeusi ikikaa nje saa nane mchana inakuwa oveni. Na ukiweza, nunua inayochomoka kwa klipu badala ya ile ya gundi. Helmeti hutundikwa kwa kioo ukiingia dukani dakika moja. Hiyo dakika inamtosha mwizi.

Muda wa betri usome vizuri. Kuna namba kubwa ya kukaa bure, mamia ya masaa, na kuna namba ndogo ya kuongea. Yako ni ile ndogo.

Kama uko na simu mbili, moja ya apu na nyingine ya familia na M-Pesa, hakikisha hedseti inashika zote mbili kwa wakati mmoja. Nyingi za bei ya chini zinashika moja, na mathe akipiga kwa ile nyingine huskii.

Ukishanunua, ingia setingi za Google Maps, pande za urambazaji, sehemu ya sauti. Kuna pahali pa kuruhusu sauti ipite kwa Bluetooth, na pengine pa kuruhusu Map iongee ukiwa kwa simu. Hiyo ya pili mimi naizima, juu mama wa mahamri na Map wakiongea pamoja unakosa wote. Alafu kuna ugonjwa mmoja wa hedseti za bei rahisi: zikikaa kimya zinalala, Map ikianza kuongea zinachelewa kuamka, unaskia “...kushoto” bila kujua ni mita ngapi. Dawa ni kuacha kangoma chini chini kakicheza. Hedseti hailali, na Map ikiongea ngoma inashuka yenyewe.

Bei sasa. Juu kabisa kuna Cardo na Sena, ndio wakubwa wa hii biashara duniani. Cardo Packtalk Edge ilitoka 2022 ikiwa karibu dola 390, ambayo ni karibu elfu hamsini zetu kabla hata ya usafiri na ushuru. Pesa nyingi ndani ya hiyo bei ni za intakomu ya kundi, wasee kumi na kitu wakiongea wakitembea pamoja. Wewe uko peke yako na kastoma nyuma, utabonga na nani? Hizo waachie wale wa mapikipiki makubwa wa wikendi. Chini kabisa kuna zile za thao mbili tatu zisizo na jina, ambazo kupata nzuri ni bahati nasibu. Katikati kuna kampuni za Kichina kama EJEAS, FreedConn na LEXIN, na hapo ndio ningetoa pesa yangu: maiki ya kijiti, IP67 ama karibu nayo, simu mbili, vifungo vikubwa unavyovipata kwa kidole bila kuangalia. Omba risiti na waranti ya duka, na ufanye ile test ya simu kabla, si baada.

Na kama helmeti yenyewe ni ile ya nusu kichwa, ama imepasuka, ama haina alama ya KEBS, hedseti ingoje. Nunua helmeti mwezi huu, yako na ya kastoma, hedseti ije mwezi ujao.